Maziwa Mawili

Kibao cha gatini kilisema bila haya:
mbwa haruhusiwi botini.
Spana hajui kusoma. Akainua mguu, akakojolea nguzo,
akanitazama kama fundi aliyekwisha kutoa jibu.

Siku tisa tulikuwa tumeikokota karavani juu ya matuta,
meno yakigongana, vikombe vikigongana,
vumbi jekundu likipenya hata kwenye sukari,
hata kwenye mikunjo ya shuka tulizoapa kuzifungua siku ya mwisho.
Athol akasema: kumfungia garini hatuwezi,
jua hili litamwoka kama mkate.
Nikasema: basi turushe sarafu.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa,
tiketi mbili, mbwa mmoja.
Mimi nikapata asubuhi.
Yeye akapata jioni, na bia ya bure.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala bapa,
rangi ya bati ambalo bado halijapigwa msumari.
Nahodha, Delphine, pekupeku, usukani kwa kidole kimoja,
hakuwa msemaji.
Penye kina alizima injini.
Hapa chini, akasema, ndipo alipozaliwa bibi yangu.
Akakuna kisigino.
Walipouziba mto, ng'ombe walihamishwa kwanza, kwa malori.
Watu waliambiwa watembee.
Basi. Hakuongeza neno.
Bwana mmoja akashusha kamera yake mapajani.
Miti mikavu ilikuwa imechomoza majini, myeupe,
kama mikono ya wanafunzi walionyoosha
na mwalimu katoka zamani.

Niliporudi, Athol alikuwa chini ya turubai,
Spana juu ya miguu yake,
wote wawili wanahema.
Vipi huko?
Maji mengi, nikasema.

Jioni nilikaa na mbwa kwenye changarawe.
Jicho lake la kushoto limeingia ukungu tangu Pasaka;
hatulizungumzii, tunamwekea tu bakuli upande wa kulia.
Boti ikawa doa. Doa likaisha.
Masikio yake yakabaki wima, yakiifuata injini
muda mrefu baada ya yangu kuiacha.
Tumbusi? Hapana, kasuku, mia kwa mamia, weupe,
wakabishana mtini kama watu wa harusi wasiopata viti.

Athol alirudi mwekundu shingo hadi paji.
Samaki, Noelene! Wanatema maji!
Unashika kipande cha mkate hivi, anakulenga, pwaa, jichoni!
Na mamba wadogo, wameanikwa mwambani kama soksi!
Na mimi nikaruka! Umri huu! Na kopo la bia mkononi,
sikumwaga hata tone!
Uliogelea wapi?
Kule katikati, penye miti.
Kina kilikuwaje?
Nilinyoosha miguu yote, sikugusa chini.
Nahodha alisema nini?
Nani, yule dada? Alitugawia taulo.

Usiku huo tulikuwa na maziwa mawili, lake na langu,
na mengine ya unga ndani ya chai.
Jiko la gesi likapiga mluzi. Nondo wakajigonga kwenye taa.
Kaptula yake ilining'inia kwenye kamba, inachuruzika,
na Spana akainusa, akainusa,
akarudi akanusa viatu vyangu,
akaenda tena kwenye kaptula,
kama karani anayelinganisha hati mbili.
Mwishowe akalala chini yake.
Tone likamwangukia kichwani. Hakuhama.
La pili. Hakuhama.

Nilingoja mpaka taa izimwe.
Gizani mtu hana uso wa kuulinda.
Nikamweleza: injini ilivyozimwa, malori, kisigino.
Athol hakujibu kwa muda uliotosha
kwa maji ya chai kupoa kabisa.
Kisha akauliza, polepole,
kama mtu anayetafuta chini kwa vidole vya miguu:
Pale pale?
Pale pale.

Nje, tone.
Kimya.
Tone.